Chembe za dhahabu, taa nyekundu, na mama anayesubiri mionzi

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Himo, Kilimanjaro. Chakula kilianza kumkwama mwezi wa pili, sasa anakunywa uji na maziwa tu. Walimpitisha kamera kooni, wakachukua kinyama, majibu yakatoka kwamba ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Amepangiwa mionzi na dripu ya dawa za saratani katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ndugu mmoja ametutumia video: chembe ndogo sana za dhahabu zimebeba dawa, zinadungwa kwenye mshipa, zinautafuta uvimbe zenyewe, halafu unamulika taa nyekundu na dawa inafunguka hapo hapo. Nywele hazinyonyoki, hakuna kutapika. Kuna mtu Arusha anauza taa hiyo pamoja na vidonge vya "nano dhahabu" kwa laki nane. Mama anaogopa mionzi, anasema tuahirishe tujaribu hii kwanza. Je, jambo hili lina ukweli? Na tuahirishe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana na ugonjwa wa mama.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalobanwa na muda: msiahirishe. Mtu aliyefikia kunywa uji tu, njia yake ya chakula imeshakuwa nyembamba, na kila wiki inayopita anapoteza kilo ambazo atazihitaji ili ahimili matibabu. Hayo mengine tuyazungumze mama akiwa safarini kwenda Dar es Salaam, asiwe amekaa nyumbani anasubiri taa.

Sasa hiyo video. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ni namna dawa inavyosafirishwa mwilini, kwa hiyo video za aina hiyo hunifikia kila mara. Hiyo yenu ingekuwa uongo mtupu ningekujibu kwa mstari mmoja. Tatizo ni kwamba aliyeitengeneza amechukua kazi tatu za kweli, zilizofanywa na watu tofauti kwa shida tofauti, akazishona zikawa nguo moja. Tuzifumue.

Ya kwanza ni hiyo dhahabu. Katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, watafiti wawili, Naomi Halas na Jennifer West, walitengeneza chembe zenye kiini cha silika, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, zikavikwa ganda jembamba la dhahabu. Chembe nzima ina upana wa nanomita 150 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita kama 7,000, kwa hiyo ungehitaji kupanga chembe hizo zaidi ya arobaini ili kuivuka seli moja. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haina tena tabia za pete na mkufu. Mwanga unapoipiga, elektroni zake huyumba zote kwa pamoja, na nguvu ya mwanga inageuka joto. Ukibadili unene wa ganda, unabadili pia aina ya mwanga ambao chembe inauitikia. Hapo ndipo ulipo ufundi wao: walilipima ganda liitikie mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hivi, ambao uko ng'ambo kidogo ya wekundu na jicho haliuoni, kwa sababu mwanga huo hupenya nyama vizuri kuliko wa rangi nyingine.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume waliojaribiwa tiba hiyo. Walidungwa chembe kwenye mshipa, kisha siku iliyofuata madaktari wakaingiza nyuzi za leza ndani ya tezi yenyewe, wakiongozwa na picha za MRI na ultrasaundi, wakamulika. Kwa wagonjwa 15 kazi ilikamilika. Lakini angalia mambo matatu. Chembe zile hazikubeba dawa yoyote, ziliua kwa joto tu. Mwanga haukumulikwa kutoka nje ya mwili, bali ulipelekwa na uzi hadi ndani ya uvimbe. Na ugonjwa ulikuwa bado umejifungia ndani ya tezi, wa hatari ndogo au ya wastani. Ni kazi ninayoiheshimu sana, ila haihusu umio, wala haina kidonge ndani yake.

Ya pili ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani, na inamgusa mama yako moja kwa moja. Karibu na mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi aitwaye Oscar Raab alikuwa akichunguza viumbe vya seli moja vilivyowekwa kwenye rangi iitwayo akridini. Akagundua kwamba kipimo kile kile cha rangi kiliviua upesi kwenye mwanga, lakini gizani viliendelea kuishi. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, alielewa mara moja kwamba kuna kitu hapo, na kufikia 1903 yeye na mwenzake Jesionek walikuwa wameshapaka rangi nyingine, eosini, kwenye uvimbe wa saratani ya ngozi na kuumulika. Kisha wazo likalala miongo mingi. Aliyeliamsha ni Thomas Dougherty, katika taasisi ya Roswell Park huko Buffalo, Marekani, miaka ya 1970. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa iitwayo Photofrin. Kanada iliidhinisha mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Marekani iliidhinisha mwaka 1995, na ugonjwa wa kwanza ulikuwa saratani ya umio.

Kwa hiyo, mwanangu, kumulika saratani ya umio kwa mwanga mwekundu ni tiba ya kweli, yenye miaka thelathini hivi. Acha nikueleze inavyofanyika, ndipo utaona umbali uliopo kati yake na lile boksi la Arusha.

Mgonjwa hudungwa dawa kwenye mshipa, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Anasubiri saa 40 hadi 50. Kisha mpira wa kamera, kama ule aliopitishiwa mama, unashushwa kooni ukiwa na uzi wa kioo ndani yake, ncha ya uzi inalazwa sambamba na uvimbe, na leza nyekundu ya nanomita 630 inawashwa kwa dakika 12 na nusu. Mwanga huo peke yake haufanyi kitu. Dawa peke yake gizani haiui. Vikikutana mahali penye oksijeni, dawa inaipa oksijeni ukali wa kuunguza kila kilicho jirani yake. Oksijeni hiyo kali haidumu. Hufa kabla hata haijavuka upana wa seli moja. Kwa hiyo panapoungua ni pale tu mwanga ulipofika.

Inapendeza kuielezea, na mimi mwenyewe darasani huwa najikuta nimezidisha dakika kumi nikifika hapa. Lakini idhini ya mwaka 1995 ilikuwa ya nini hasa? Ya kuzibua. Ilikuwa kwa mgonjwa ambaye uvimbe umeziba umio kabisa, au umeziba nusu na haufai kwa leza ya kuchoma ya kawaida, ili aweze kumeza tena. Haikuidhinishwa kama tiba ya kuponya ugonjwa uliofikia hapo. Na ina gharama ambayo video haikuionyesha. Dawa haikai kwenye uvimbe tu, inakaa pia kwenye ngozi na machoni, kwa siku 30 au zaidi. Muda wote huo mgonjwa akipigwa na jua anaungua kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mafuta ya kuzuia jua hayamsaidii, kwa sababu yanazuia miale ya urujuanimno isiyoonekana, ilhali dawa hii inaamshwa na mwanga wa kawaida tunaouona. Tena hatakiwi kujifungia gizani, kwa sababu mwanga hafifu wa ndani ya nyumba ndio unaoimaliza dawa kwenye ngozi polepole. Sasa jipigie picha mama anatoka Dar kwa basi, kiti cha dirishani, saa sita mchana, kisha nyumbani jiko liko uani.

Siku hizi, kwa kazi hiyo ya kuzibua, hospitali nyingi hutumia stenti, yaani bomba la matundu la chuma linalotanuka lenyewe likishawekwa ndani ya umio. Jirani zenu wa Kenya, Hospitali ya Tenwek kule Bomet, wamejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi, maana ukanda wetu wote huu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Liweke neno stenti akilini, nitalirudia.

Kazi ya tatu ndiyo hasa ile ya kwenye video: chombo kidogo kinachobeba dawa ya saratani, kikafunguliwa kwa mwanga. Vyombo vyenyewe tunavyo. Liposomu ni kiputo kidogo cha mafuta kinachofungia dawa ndani yake, na mwaka 1995, mwaka ule ule wa Photofrin, Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iitwayo doksorubisini ikiwa imefungiwa hivyo, kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani ya Kaposi. Ndiyo ile inayojulikana kama Doxil. Haihitaji taa. Inauumiza moyo kidogo kuliko doksorubisini ya kawaida, lakini imekuja na kero yake: viganja na nyayo huvimba na kubabuka. Nakutajia hilo ili mtu akikwambia "ni ya nano, haina madhara", ujue hajawahi kukaa na mgonjwa.

Kuifanya liposomu ifunguke kwa mwanga ni hatua nyingine. Mwaka 2014 kundi la Jonathan Lovell, Buffalo pia, lilionyesha kwamba ukichanganya kwenye ukuta wa liposomu molekuli za pofirini, ndugu wa zile zinazoipa damu wekundu wake, leza inaufanya ukuta uvuje na doksorubisini itoke. Walifanya kwa panya, na uvimbe uliomulikwa ulipata dawa nyingi zaidi. Wengine wanajaribu madini adimu yanayopokea mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa wa bluu au urujuani. Maabara zimejaa mawazo mazuri. Kwa saratani ya umio ya binadamu, hakuna chombo cha namna hiyo kilichoidhinishwa popote.

Hebu sasa tuitazame ile sehemu ya "zinautafuta uvimbe zenyewe", maana ndiyo inayowapoteza watu wengi, wakiwemo wanafunzi wangu. Chembe haitafuti kitu. Inabebwa na damu kama jani mtoni, inapita kila mahali damu inapopita. Mishipa ya uvimbe mara nyingi hujengwa ovyo na huvuja, kwa hiyo chembe kadhaa hupenyeza na kunasa humo; Wajapani Matsumura na Maeda walilieleza hilo mwaka 1986 na tukalishangilia sana. Kisha mwaka 2016 kundi la Warren Chan, Toronto, likakusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio ya wanyama na kupiga hesabu. Katika kila chembe 1,000 zilizodungwa, zilizofika kwenye uvimbe kwa kawaida zilikuwa 7 hivi. Nyingine nyingi huishia kwenye ini na bandama, ambako kuna seli za kudaka takataka za damuni. Wengi wetu tuliisoma karatasi ile kama mtu anayesomewa hukumu.

Lakini hapo ndipo mwanga unapopata maana. Kama chembe zilizonasa kwenye ini zimefungwa, na ini halimulikwi, hazitamwaga sumu yake humo zikiwa bado nzima. Unafungua chache zilizo kwenye uvimbe tu. Kwa hiyo mwanga hauwezi kuipeleka chembe popote, unachoweza ni kuchagua ipi ifunguke. Upande wa pili wa jambo hilo hausemwi mara nyingi. Palipo na seli za saratani zilizokwisha kutoroka, kwenye tezi za limfu au mapafuni, hakuna atakayepamulika kwa sababu hakuna ajuaye zilipo. Dripu inayomtisha mama inafika huko. Inatapisha kwa sababu inakwenda kila mahali, na inafaa kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Usiku wa leo, zima taa za chumbani, washa tochi ya simu na uikandamize kwenye vidole vyako. Utaona vidole vimekuwa vyekundu. Damu imemeza bluu na kijani, ikaruhusu wekundu upite. Halafu iweke tochi ile ile kifuani pa mtu, uangalie mgongoni kwake. Hutaona kitu. Kwa tiba ya nanomita 630, mwanga unafanya kazi kwa milimita chache tu, tano hivi, kutoka pale ulipomulikwa. Ule usioonekana wa nanomita 800 unakwenda ndani zaidi, lakini nao ukivuka sentimita moja au mbili umeshapungua mno. Umio wa mama uko nyuma ya mfupa wa kifua, nyuma ya koromeo la hewa na moyo, umeegemea uti wa mgongo. Hakuna taa ya kushika mkononi, ya Arusha wala ya Tokyo, itakayofika pale kupitia kifuani. Ndiyo maana wenye leza za mamilioni ya shilingi huushusha uzi kooni.

Kuna mwanga mmoja tu unaofika, na mama ameshapangiwa huo. Mionzi ya eksirei ni ndugu wa damu wa mwanga, tofauti ni kwamba ina nguvu nyingi zaidi na inapita mwilini kote. Mashine ya Ocean Road inaielekeza kutoka pembe kadhaa ili miale ikutane kwenye uvimbe. Na waliochoshwa na kina kifupi cha leza wameanza kuzitengeneza chembe za kuamshwa na mionzi hiyo. Kampuni ya Ufaransa, Nanobiotix, ilitengeneza chembe za oksidi ya hafini, aina ya metali, zinazochomwa kwa sindano ndani ya uvimbe kabla ya mionzi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa wa saratani ya nyama laini za mikono, miguu na kiwiliwili, waliopata chembe na mionzi, asilimia 16 uvimbe wao ulikutwa umekufa karibu wote wakati wa upasuaji, dhidi ya asilimia 8 kwa waliopata mionzi peke yake. Ulaya ikatoa idhini mwaka huo huo, kwa ugonjwa huo. Mimi binafsi nadhani kwa uvimbe wa ndani, njia hiyo itatangulia kufika kabla ya leza.

Kuhusu vidonge sitasema mengi. Chembe zote nilizozitaja zilidungwa, hakuna iliyomezwa. Na zaidi ya yote, mama hamezi hata ugali: kidonge kikikwama juu ya uvimbe utakuwa na safari ya dharura usiku.

Huyo mama anaogopa, na hofu yake haikutokana na ujinga, kwa hiyo mweleze wazi. Mionzi haichomi kwa moto. Akiwa mezani hatasikia kitu. Nywele hudondoka pale tu miale inapopita, na kifuani hana nywele za kusuka. Dripu ndiyo inaweza kunyonyoa, kutegemea dawa, kwa hiyo aulize ni dawa gani. Kichefuchefu kina dawa zake, hutolewa kabla ya dripu kuanza na si baada ya mtu kutapika. Ila msimfiche hili: wiki ya pili au ya tatu ya mionzi, umio huwa kidonda na kumeza kunauma kuliko mwanzo. Wengi huacha hapo wakidhani ugonjwa umezidi.

Ndiyo maana nimekwambia uliweke neno stenti akilini. Siku ya kwanza mkiwa kliniki, kabla ya mionzi kuanza, ulizeni: atakula nini kumeza kukishindikana? Je, awekewe stenti, au mpira wa kulishia tumboni, na kipi kinaendana na mionzi aliyopangiwa? Ulizeni pia kama lengo ni kuponya au kumpunguzia shida, maana idadi ya siku za mionzi inategemea hilo. Kwa sasa uji wake uwe wa maziwa, karanga zilizosagwa laini sana na kijiko cha mafuta, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akiwa ameketi wima. Mpimeni uzito kila Jumatatu, mwandike. Maji yakianza kumkwama, au akikohoa kila anapokunywa, msisubiri tarehe ya miadi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, na huenda ikachukua wiki kadhaa, kwa hiyo hamtaweza kwenda na kurudi Himo. Laki nane itawalipia nauli ya watu wawili na sehemu ya malazi karibu na hospitali.